Kazi ya utafiti chuo kikuu: ajira ya serikali, mkataba wa mradi au PhD ya mshahara Ulaya?

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya ajira, fungua transkripti yako. Kwa Tanzania, namba moja iliyo kwenye karatasi ile inakuondolea nusu ya maamuzi. Anayetaka kuajiriwa na chuo kikuu cha umma akiwa na shahada ya kwanza, yaani aanze kama TA (mkufunzi msaidizi), anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Anayeingia na uzamili, kwenye ngazi ya mhadhiri msaidizi au ngazi ya watafiti inayolingana nayo, hudaiwa 4.0 ya uzamili, na ile 3.8 ya shahada ya kwanza bado inamfuata. Mwenye 3.7 na barua nzuri ya maombi hafiki popote kwa njia hiyo. Anachujwa mapema, kabla jopo halijamwona.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa, wakaenda kutafuta kazi benki. Mapema mno. Vyuo vyetu vimejaa watu wanaofanya utafiti kila siku na hawamo kwenye orodha ya watumishi wa serikali: wako kwenye miradi. Wapo pia waliopita pembeni kabisa, wakaajiriwa na vyuo vya Norway, Sweden au Uholanzi kusoma PhD huku wakilipwa mshahara. Ninazilinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya mtu aliyemaliza shahada ya kwanza au uzamili miaka ya karibuni na anataka utafiti uwe kazi yake, asiyeutumia kupitishia muda tu. Nitakaa zaidi Tanzania. Kenya nitaigusa pale mambo yanapokuwa tofauti.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu huzilinganisha njia hizi kwa mshahara wa mwezi, na hicho ndicho kipimo kinachopotosha kuliko vyote. Mimi natazama utakachobaki nacho mkataba ukiisha: cheo, jina lako kwenye makala zilizochapishwa, au shahada. Aliyefanya kazi miaka mitatu akatoka bila hata kimoja kati ya hivyo alikuwa kibarua, hata kama kitambulisho chake kiliandikwa "mtafiti".

Namna ya kuingia

Kwa ajira ya serikali mlango ni mmoja: Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unajisajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unapandisha vyeti na barua iliyosainiwa, na unaomba ndani ya siku chache ambazo tangazo liko wazi. Makosa yanayowaangusha watu hapa ni ya karatasi tupu. Matangazo husema wazi kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda ya chuo. Wanataka cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi apitishe vyeti vyake Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwanza. Kama jina la kwenye cheti cha kidato cha nne halilingani na la NIDA, lishughulikie kisheria mwezi huu, usingoje tangazo litoke. Mengi huweka pia ukomo wa umri wa miaka 45.

Ukichaguliwa unaitwa kwenye usaili wa mchujo, kisha wa mahojiano, na kwa kada za wanataaluma jiandae kuwasilisha mada mbele ya jopo. Waliofaulu wakizidi nafasi, waliobaki huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadaye. Sifa kubwa ya mfumo huu ni kwamba mtoto wa mkulima asiyemjua mtu Dodoma anasahihishwa kwa mtihani uleule na mwenye mjomba wizarani. Ugumu wake ni kwamba nafasi za wanataaluma hutangazwa kwa fani mahususi. Mwaka mzima unaweza kupita pasitangazwe hata nafasi moja ya fani yako, na linapotoka tangazo linataja shahada kwa jina lake. Usome mstari wa sifa neno kwa neno kabla ya kufurahi.

Miradi haina portal. Mtafiti mkuu anapata fedha za mfadhili, ratiba imeshaanza kukimbia, naye anahitaji watu haraka. Anachofanya kwanza ni kuwauliza wenzake na wanafunzi wake wa zamani: "Nani yupo, anajua Stata, anaweza kukaa Kilombero miezi mitatu?" Tangazo rasmi, likitoka, mara nyingi linatoka wakati majina mawili matatu yameshatajwa. Ndiyo, hiyo ni koneksheni. Ila ni koneksheni ambayo mtu asiye na ndugu chuoni anaweza kuitengeneza mwenyewe, na wengi huitengeneza kwa kuanza kama wadadisi, yaani wanaopita kaya kwa kaya kukusanya takwimu.

Kazi ya mdadisi inadharauliwa bila sababu. Saa kumi na mbili asubuhi mko ndani ya gari, kishikwambi kimechajiwa usiku, dodoso limo kwenye programu ya kukusanyia takwimu, ODK au KoboToolbox. Mnaanzia kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho mkononi, naye anampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, ambaye anawapeleka kaya kwa kaya. Mama wa nyumba ya kwanza anapepeta mchele. Humrukii na swali namba moja. Unamsalimia, unapewa kigoda, unamsomea fomu ya ridhaa taratibu na kumweleza kwamba ana haki ya kukataa au kuacha katikati. Anakutazama, kisha anauliza, "Sasa mkishaandika, mimi napata nini?"

Wapo wadadisi wanaodanganya hapo, wakaahidi chandarua au hela. Wapo wanaomwambia ukweli, kwamba hatapata kitu leo, wakaeleza matokeo yatakwenda wapi, na mama bado akakubali. Jioni mnakaa na msimamizi kupitia takwimu: kaya moja mtoto ameandikwa ana miezi 14, lakini tarehe ya kuzaliwa inamfanya awe na miaka mitatu. Mdadisi aliyeiona kasoro hiyo mwenyewe na kurudi kwenye nyumba ile kabla ya giza ndiye atakayetajwa nafasi ya msaidizi wa utafiti ikitokea, na hakuna GPA iliyoulizwa.

Kuhusu kumwandikia mtafiti mkuu usiyemjua: barua pepe fupi inatosha. Taja makala yake moja uliyoisoma kweli, taja unachoweza kufanya kwa mikono yako (programu za takwimu, maabara, lugha ya kienyeji unayoizungumza), ambatanisha CV ya kurasa mbili. Lugha ya kienyeji ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mradi wa afya Mara au Manyara unaomtafuta mtu anayejua Kikurya au Kiiraqw hauna watu wengi wa kuchagua. Ukiandika "naomba kazi yoyote" umeshajibiwa.

Kwa Ulaya Kaskazini, nafasi za PhD hutangazwa kama kazi nyingine yoyote. Za Norway ziko Jobbnorge, za Uholanzi AcademicTransfer, na EURAXESS inakusanya za bara zima. Huombi kwanza shule kisha ufadhili. Unaomba kazi, na shule inakuja nayo. Kwa kawaida wanataka uzamili, muhtasari wa tasnifu yako, barua inayoeleza kwa nini mradi huo hasa, na majina ya wadhamini wawili watakaojibu barua pepe zao. Hilo la mwisho lisichukuliwe kimzaha: profesa asiyejibu kwa wakati anaweza kukunyima nafasi bila kujua. Unashindana na dunia nzima, kwa hiyo maombi yanayofanikiwa ni ya mtu ambaye tasnifu yake inagusana na mradi uliotangazwa. Anayetuma barua ileile kwenye matangazo arobaini anapoteza muda.

Kuna kundi moja la nafasi ambalo Mwafrika Mashariki aliyeko nyumbani ana faida nalo: mitandao ya mafunzo ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipiwa na Umoja wa Ulaya. Sharti lake ni kwamba mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12, ndani ya miezi 36 iliyopita, kwenye nchi anayokwenda kuajiriwa. Mjerumani anayeomba Ujerumani anakwama hapo. Wewe uliyeko Mbeya hukwami.

Mkataba na makato

Serikalini unaanza na kipindi cha majaribio, kisha unathibitishwa kazini. Baada ya hapo ni vigumu kuondolewa, bima ipo, na mwajiri anakuchangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15 huku wewe ukikatwa 5. Mshahara uko kwenye ngazi zinazojulikana, zile za PUTS za wanataaluma wa vyuo vya umma, na hakuna wa kujadiliana naye. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wako, na hilo halikwepeki hata kwenye mradi, ilimradi mwajiri wako yuko kwenye mfumo rasmi.

Mkataba wa mradi mara nyingi ni wa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu, kwa hiyo ufupi wenyewe si uvunjaji wa sheria. Kitu cha kukagua ni aina ya karatasi unayosainishwa. Kuna mkataba wa ajira, ambamo mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) unachangiwa asilimia 20 kwa jumla kati yako na mwajiri, kodi ya mshahara (PAYE) inakatwa, na likizo ipo. Na kuna makubaliano ya kutoa huduma, ambamo unaitwa mshauri, unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na hakuna NSSF, likizo wala bima. Ya pili inaonekana tamu mwezi wa kwanza kwa sababu makato ni madogo. Kwa kazi ya miezi miwili haina ubaya. Ukiambiwa usaini hiyo kwa kazi ya miaka mitatu ya kila siku, saa mbili hadi saa kumi, uliza kwa nini.

Na fedha ya mfadhili inaweza kukatika. Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya Afrika Mashariki iliyotegemea shirika lake la misaada, USAID, ikasimama, mingine ikiwa katikati ya ukusanyaji wa takwimu. Mei mwaka huohuo NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, nayo ikabadili utaratibu wa kupitisha fedha kwa washirika walio nje ya Marekani. Watu waliokuwa na mikataba halali walirudi nyumbani. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: mfadhili ni nani, na fedha iliyokwisha kupokelewa inafika mwezi gani. Mtafiti mkuu muungwana atakujibu. Mradi wenye wafadhili wawili watatu unahimili vishindo kuliko unaotegemea mmoja, hata kama huo mmoja ni tajiri.

Ulaya Kaskazini mkataba unajulikana mwanzo na mwisho wake. Norway ni miaka mitatu, au minne pale robo ya muda wako inapotumika kufundisha na kazi nyingine za idara. Sweden masomo ni miaka minne, na yanaweza kurefuka kwa sababu ya ufundishaji usiozidi asilimia 20. Uholanzi kwa kawaida minne. Likizo, mafao na ruhusa ya uzazi ni vya mfanyakazi. Ujerumani pia huajiri, ila mara nyingi mkataba wa mwanafunzi wa PhD ni wa nusu kazi au theluthi mbili, kwa hiyo asilimia hiyo uisome kabla ya kushangilia mshahara wa jedwali. Uingereza ni habari nyingine: mwanafunzi wa PhD anayelipiwa na UKRI, wakala wa serikali wa kufadhili utafiti, hupata posho, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 20,780, wala haitwi mfanyakazi. Marekani unalipwa kama msaidizi wa utafiti au wa kufundisha, ada inalipiwa, na viza ya F-1 inakufunga kwenye saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula.

Pesa yenyewe

Mshahara wa mwanafunzi wa PhD Norway ni zaidi ya krona 500,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Uholanzi mwaka wa kwanza ni karibu yuro 3,000 kwa mwezi, nazo kabla ya kodi. Usizigeuze kuwa shilingi ukaanza kujenga nyumba kichwani. Chumba Oslo au Amsterdam kinakula sehemu kubwa, na msimu wa baridi una bei yake. Hata hivyo mtu mmoja mwenye nidhamu anaishi vizuri na anatuma kitu nyumbani. Mwenye mke au mume na watoto ahesabu upya, maana mshahara mmoja wa PhD kwa familia ya watu wanne unabana.

Kwenye mradi, mshahara wenyewe unaweza kuuzidi wa TA, lakini kinachowalevya watu ni posho ya kujikimu. Ukiwa uwandani wiki tatu kati ya nne unaona fedha ambayo mwenzako wa chuoni haioni. Posho haihesabiwi kwenye NSSF, haiingii kwenye mkopo wa benki, na inakauka siku mradi unapoingia hatua ya kuchambua takwimu. Nimewaona vijana wenye akili wakihama mradi kwenda mradi kwa kufuata posho, na mwaka wa saba bado ni wadadisi, wakiwa na simu nzuri.

Jina kwenye makala

Hapa ndipo njia hizi zinapotofautiana kweli, na ndipo watu wasipouliza.

Majarida mengi ya afya hufuata vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kuhusu nani aitwe mwandishi. Vigezo ni vinne, na vyote vitimie: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti au kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu, uwe umeandika rasimu au kuihariri kwa hoja, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Maana yake ni kwamba ukikusanya takwimu za kaya elfu moja na kuishia hapo, nafasi yako ni kwenye shukrani mwishoni mwa makala. Hilo si dhuluma. Dhuluma ni pale unapotaka kuandika na hupewi nafasi ya kuandika.

Kwa hiyo jambo hili liulizwe kabla ya kusaini, kwa adabu na bila kuzunguka.

"Prof, shikamoo. Nina jambo dogo kabla sijasaini."

"Marahaba. Sema tu."

"Naomba kwenye zile makala za mwaka wa pili nipewe moja niandike rasimu ya kwanza, hata kama ni ndogo."

Majibu yapo ya aina mbili. "Niletee ukurasa mmoja wa wazo lako mwezi ujao" ni jibu la mtu atakayekulea, na siku akikuandikia barua ya udhamini ataandika mambo anayoyajua. "Hayo tutayaona huko mbele" ni jibu la mtu anayetafuta miguu. Kazi bado unaweza kuichukua kama kodi ya nyumba inadai, ila ujue umechukua nini.

Njia nyingine ya kumpima ni kutafuta makala zake za miaka mitano iliyopita kwenye Google Scholar. Je, kuna majina ya vijana wa Kitanzania mwanzoni mwa orodha ya waandishi, au wote wako katikati wamebanwa kati ya maprofesa wa nje? Dakika ishirini za kutafuta zitakuambia mengi kuliko usaili.

Serikalini kuchapisha ndiyo ngazi ya kupandia cheo, kwa hiyo hakuna atakayekuzuia. Kinachokuzuia ni muda. Mhadhiri msaidizi kwenye kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza ana mamia ya skripti za kusahihisha, semina za kuendesha, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wa kutembelea mikoani. Utafiti hufanyika usiku na wakati wa likizo. Faida inayofidia hilo ni kwamba ukiwa ndani, chuo kinakusomesha. Mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umesomesha wahadhiri uzamili na uzamivu, na mtu wa nje hawezi kuzigusa nafasi hizo.

Kama unataka ajira ya kudumu yenye utafiti mwingi kuliko ufundishaji, tazama taasisi zilizo ndani ya vyuo kabla ya idara za kawaida. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, tangu 1978, yenye ngazi za watafiti. Kina pia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), mrithi wa iliyokuwa TUKI, ambayo mizizi yake ni kamati ya lugha ya mwaka 1930. Kwa mtu wa isimu au fasihi hiyo ni karibu njia pekee ya kulipwa kwa kutafiti, maana wafadhili wa miradi ya fani hizo ni wachache mno ukilinganisha na malaria au kilimo. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina taasisi ya udhibiti wa viumbe waharibifu, na chuoni hapohapo ndipo shirika la APOPO linapowafundisha panya kunusa mabomu na kifua kikuu. Ukiniuliza, vijana wa biolojia wanauona Morogoro mbali kuliko ulivyo.

PhD ya Ulaya inakupa makala kwa lazima, kwani tasnifu nyingi za Skandinavia ni mkusanyiko wa makala. Utatoka na makala tatu au nne, mara nyingi wewe ukiwa mwandishi wa kwanza. Hasara yake ni ndogo lakini ipo: mada ni ya kwao. Ukirudi na uzamivu kuhusu samaki wa maji baridi ya fiodi, utapata kazi ya kueleza kwa nini chuo cha Mwanza kikuhitaji.

Jirani na chuo

Usizisahau taasisi za utafiti zisizo vyuo. NIMR (tiba), TARI (kilimo), TAFIRI (uvuvi) na TAWIRI (wanyamapori) ni za serikali, nazo huajiri kwa portal ileile. Taasisi ya Afya Ifakara inajitegemea na hutangaza kazi zake yenyewe. Mtu wa mbu na malaria anapaswa kuitazama kabla ya chuo chochote, na wapo walioanza pale kama wasaidizi wa maabara wakamalizia na uzamivu. Kwa wachumi na watu wa sera kuna REPOA na ESRF, Dar es Salaam. Kiutendaji hizi ziko katikati: zina utulivu kuliko mradi mmoja, na huna skripti za kusahihisha.

Kwa walioko Kenya

Hakuna portal moja ya vyuo. Kila chuo hutangaza chenyewe. Ukiwa na uzamili na umeshajiandikisha PhD, nafasi yako ni ile ya tutorial fellow, anayefundisha huku akisoma PhD, maana mhadhiri kamili hutakiwa awe na PhD tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake 2014. Malipo kwenye vyuo vya umma yamekuwa na matatizo ya wazi: mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa zaidi ya mwezi wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 za Kenya. Kwa sababu hiyo, kwa Mkenya mizani inaelemea zaidi upande wa taasisi: programu ya utafiti wa tiba ya KEMRI na Wellcome kule Kilifi, na icipe (wadudu), ILRI (mifugo) na APHRC (idadi ya watu na afya) jijini Nairobi. Kilifi wana mafunzo ya vitendo kwa wahitimu wapya, na wengi wa waliopita humo walikwenda PhD. APHRC nayo ndiyo iliyoshirikiana na Chuo cha Witwatersrand kuanzisha CARTA, inayowafadhili wahadhiri wa vyuo vya Afrika wamalize uzamivu bila kuacha kazi zao.

Nani aende wapi

Mwenye 3.8 na kuendelea, umri chini ya miaka 30, fani inayotangazwa mara kwa mara kama uhandisi, kompyuta au udaktari: omba serikalini kila tangazo linapotoka, na wakati unasubiri fanya kazi ya mradi. Haya mawili hayapingani, na uzoefu wa mradi utakusaidia kwenye jopo.

Mwenye GPA ya chini ya hapo asitumie miaka akisubiri kanuni ilegezwe. Mradi kwanza, makala moja au mbili, kisha maombi ya PhD nje. Ulaya wanasoma makala yako pamoja na alama zako, na makala ya mwandishi wa kwanza inafunika mengi. Uzamivu ukishapatikana, mlango wa chuo binafsi au taasisi ya utafiti nyumbani ni tofauti kabisa na ule uliofungwa ukiwa na shahada moja, ingawa vyuo vya umma vinaweza kuendelea kuitazama ile GPA ya awali.

Mwenye watoto wadogo na mwenza aliyeajiriwa hapahapa ninamshauri aitazame njia ya nne: PhD ya ushirikiano kati ya chuo cha nyumbani na cha nje, kama zile za programu za ufadhili za NORHED ya Norway au VLIR-UOS ya Ubelgiji, ambazo unakaa nje miezi kadhaa na takwimu unazikusanya nyumbani. Nafasi ni chache na nyingi huishia kwa waajiriwa wa vyuo husika, jambo linaloirudishia ajira ya serikali uzito wake.

Aliyekwisha fika miaka 40 akiwa mratibu wa miradi mwenye uzoefu asikimbilie cheo cha mhadhiri msaidizi kwa sababu ya pensheni tu. Mshahara utashuka, na atakaa meza moja na vijana aliowafundisha kutumia kishikwambi. Kwake yeye cha kudai kwenye mkataba ujao ni kuandikwa kama mtafiti mwenza kwenye andiko la mradi lenyewe, jina lake na asilimia ya muda wake vikiwa kwenye bajeti inayokwenda kwa mfadhili.